Bwawa la Bondeni kwa Wakwe Zangu

Nimezaliwa Lituhi, mahali ambapo mtoto hujua kuogelea kabla hajajua kusoma, nikaolewa milimani upande wa Kitura, mahali ambapo mtu anaweza kuzeeka bila maji kumpita magoti. Wiki niliyopelekwa ukweni, mama mkwe alinishika mkono akanishusha bondeni kunionyesha bwawa lao.

"Tumesikia wewe ni mtu wa ziwa," aliniambia. "Na sisi tuna letu. Usije ukatudharau."

Halikuwa kubwa. Ukisimama upande mmoja ukaita, mtu wa ng'ambo anakuitikia bila kupaza sauti sana. Miaka kabla sijafika, wanakijiji walikuwa wamekiziba kijito cha mlimani kwa tuta la udongo. Waliusomba udongo huo kwa matenga na matoroli, wakaushindilia kwa magogo mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Chini ya tuta kulikuwa na bustani za kabichi na nyanya, halafu nyumba chache, halafu mahindi mpaka kwenye daraja la miti. Pembeni, penye mwamba, walikuwa wameacha mfereji mpana ili mvua zikizidi maji ya ziada yapite hapo yasipande juu ya tuta. Waliuita utoro, kwa kuwa hapo ndipo maji yalipotorokea.

Nilitazama nikasema ni zuri, na kweli lilikuwa zuri. Lakini sikujua ninachokitazama. Ziwa Nyasa likichafuka, sisi wa pwani yake tunavuta mitumbwi juu tunakaa nchi kavu mpaka litulie. Halina ukuta wa kuogopea. Maji yaliyozuiliwa na mikono ya watu, yakakaa juu ya nyumba za watu, nilikuwa sijawahi kuishi nayo.

Mwaka huohuo bwana mmoja wa maji alikuja kutoka wilayani akalikagua. Alisimama juu ya tuta na buti zake, akatuambia mambo yaleyale mara mbilimbili kama anayefundisha komunio ya kwanza: ng'ombe wasipite juu ya tuta, miti isipandwe pale kwa sababu mizizi hufungulia maji njia, na utoro usizibwe, hata kwa tawi. Tulimpigia makofi, akala kuku, akaondoka. Mwaka uliofuata jumuiya yetu ya kina mama ilipanda milingoti, yaani mikaratusi, juu ya tuta ili watu wapate kivuli baada ya Misa. Nami nilibeba miche. Tulikumbuka jua. Maneno ya yule bwana hayakumjia mtu.

Maana siku za Jumapili watu walikuwa wakikaa pale. Wakitoka kanisani hushuka na vikapu, viazi na togwa, hukaa kwenye majani kutazama maji. Kutazama tu. Hakuna aliyeingia zaidi ya kunawa miguu.

Mdogo wa mume wangu alikuwa fundi seremala, kijana mrefu wa sauti nzito aliyeimba besi kwenye kwaya ya kigango, kanisa letu dogo. Siku moja akaniambia, "Shemeji, nifundishe kuogelea."

Nikacheka. "Kuogelea ukavue nini huku?"

"Sitaki kuvua. Kila Jumapili nakaa ukingoni kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nataka niingie."

Nilijua maneno ya kijiji yatakavyokuwa, mke wa mtu na shemeji yake majini. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. "Atafundishwa," alisema, "na mimi nitakuwa nimekaa palepale." Basi akawa anakuja na ungo wa maharage makavu, anakaa ukingoni kupukuchua huku akitucheka.

Yule kijana hakuogopa kina, aliogopa kulowa masikio. Alikuwa akijitupa majini na shingo imesimama kama ya bata. Nikimwambia alaze kichwa, anang'aka.

"Masikio yakiingia maji nitasikia nini?"

"Hutasikia kitu. Ndivyo inavyotakiwa."

"Mtu asiyesikia si amekufa?"

"Mtu anayeinua shingo ndiye anayekufa. Lala!"

Kiangazi kilipoisha alikuwa anavuka kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Mara ya kwanza kuvuka alitambaa akajilaza kwenye majani, akitapika maji na kucheka kwa wakati mmoja, na mama mkwe akasimama akapiga vigelegele, maharage yote yakamwagika. Baada yake wakaja vijana wengine, kisha wasichana wa kwaya, kisha walimu wawili wa shule. Nilikuwa mgeni wa ndoa katika kijiji kile. Bwawa ndilo lililonifanya mwenyeji.

Mambo yalipanuka. Shemeji alisafiri mpaka Lituhi kwa baba yangu, akarudi na mtumbwi. Baba alimpa bure. "Huu ni mzee kama mimi," alimwambia. "Ziwani siuamini tena. Kwenye maji yenu ya sufuria utafaa." Uliletwa kwa lori lililopitia Litumbandyosi likapanda milima yote ile, na kila lilipopita watu walitoka nje kushangaa mtumbwi unaokwenda mlimani. Padri aliyekuja kwa Misa aliubariki huku akicheka mwenyewe.

Ikawa desturi. Shemeji alitengeneza mabenchi chini ya ile milingoti. Watu wakaanza kupanda kutoka Mbinga mjini kwa pikipiki, na spika zao za muziki, na mishikaki. Maharusi walikuja kupiga picha mtumbwini, bibi harusi ameshika gauni juu lisilowe. Baba mkwe, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya bwawa, alitembea juu ya tuta na kofia yake ya sherehe, akisalimiwa shikamoo na watu asiowajua. Alikuwa mkulima wa kahawa, mtu makini, asiyeacha tawi kavu hata moja kwenye mibuni yake. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walimsema kama mzembe, na hakuwa mzembe.

Shida ilikuwa kiangazi. Maji yalishuka mpaka mtumbwi ukakaa kwenye tope, wageni wakapungua, na wenye bustani wakaanza kugombana zamu za kumwagilia. Kamati ikakaa sebuleni kwetu. Mimi niliwapelekea chai, nikasikia.

"Kila masika maji yanatoroka bure," alisema baba mkwe. "Tukiweka magogo kwenye utoro na mifuko ya udongo nyuma yake, yatapanda kiasi cha goti tu. Goti hilo litatuvusha kiangazi kizima."

Mzee mmoja akauliza, "Na yule bwana wa wilayani je? Si alikataza?"

"Alikataza kuziba wakati wa mvua kubwa. Sisi tutaziba zikiwa zinaisha. Zikianza tena, tunazibua."

Sivyo alivyosema yule bwana. Lakini maneno ya baba mkwe yalikuwa na akili, na yalisemwa kwa upole, na kila aliyekuwa pale alitaka yawe kweli. Wakaziba. Shemeji ndiye aliyechonga magogo, akayapachika kwenye mwamba yakakaa sawasawa kama mlango.

Mwaka wa kwanza walizibua mvua za kwanza zilipoanguka. Mwaka wa pili mvua zilianza polepole, watu wakawa kwenye kupanda mahindi. Halafu Krismasi ikakaribia, na bwawa likawa limejaa vizuri kuliko wakati wowote. Wageni walikuwa wametuma salamu kwamba watakuja. Nani angemwaga maji wiki ya sikukuu? Tukasema baada ya Krismasi. Baada ya Krismasi tukasema baada ya Mwaka Mpya. Watu walipanda mtumbwi, wakaogelea, wakaimba. Mimi mwenyewe niliogelea siku ile ya Mwaka Mpya na mwanangu mgongoni, na sikumbuki siku niliyofurahi zaidi katika milima ile.

Kisha mvua ikabadilika. Ilinyesha usiku na mchana bila kupumua. Udongo wa mlimani ukashindwa kunywa. Siku ile baada ya chakula cha mchana mume wangu alivaa koti la mvua akashuka kutazama, na haikupita muda akarudi anakimbia.

"Maji yamefika juu ya tuta," alisema mlangoni. "Yanalamba juu kabisa."

Baba mkwe alitoka bila viatu. Akaenda kwenye kigango, penye rimu ya gari inayotumika kama kengele, akaipiga kwa chuma mfululizo. Wanaume wakakimbilia utoro na sululu na kamba. Sisi wanawake tukakimbilia nyumba za chini ya tuta. Mama mkwe aligonga kila mlango kwa ngumi. Wengine walitaka kwanza kuchukua magodoro, tukawavuta. Bibi mmoja hakuweza kutembea. Tuling'oa mlango wa nyumba yake, tukamlaza juu yake, tukampandisha kilimani huku mvua ikimpiga usoni naye akituuliza kuku wake wako wapi.

Tulipomfikisha salama nilipanda tena kwenye tuta. Wanaume walikuwa wamesimama pembeni ya utoro, wamelowa, wanapiga kelele. Magogo hayakutoka. Maji yalikuwa yameyasukuma yakabana kwenye mwamba, na mifuko ya udongo ilikuwa imevimba. Kutokea upande wa chini hakuna aliyeweza kuyafikia. Ilibidi mtu aingie upande wa bwawa, azame, ang'oe kwa mkono na nondo.

Shemeji alikuwa tayari amevua shati.

"Usiende," baba mkwe alimwambia.

"Baba, nani mwingine?"

Mzee akageuka akatutazama wote, mmoja mmoja. Walimu hawakuwepo. Vijana wengine waliojua kuogelea walikuwa ni wa kuogelea Jumapili, jua likiwaka. Nilisogea.

"Mimi naenda," nilisema. "Mimi ni wa majini."

"Wewe unayajua maji," shemeji alinijibu, "lakini magogo nimeyapachika mimi. Najua lipi linaanza kutoka."

"Basi funga kamba."

"Nimefunga, shemeji. Tazama."

Ilikuwa kamba ya ng'ombe, imezungushwa kiunoni, na mwisho wake ulishikwa na mume wangu na wanaume wengine wawili. Akaingia. Alizama akatoka, akazama akatoka. Gogo la kwanza lilichomoka, maji yakaanza kupita kwa nguvu na watu wakashangilia. Akazama tena. Mifuko miwili ikapasuka, gogo la pili likainuka upande mmoja, na palepale maji yote yaliyokuwa yamebanwa yakaupata mlango. Kelele yake ilifunika mvua. Nilimwona shemeji mara moja tu, mkono wake na bega, kisha lile gogo likageuka juu yake. Mume wangu alivuta. Kamba ilikuja yote, nyepesi, imekatika.

Nilikuwa nimeshafika ukingoni niruke. Mume wangu aliniwahi, akanishika kwa kitenge na kwa nywele, akanitupa chini kwenye tope.

"Mmoja anatosha," alisema. Hakulia. Alirudia, "Mmoja anatosha."

Tulitazama kule chini maji yalikokuwa yakimwagika. Hapakuonekana mtu. Na wakati tunatazama huko, mzee mmoja akapiga kelele akionyesha katikati ya tuta. Chini ya ile milingoti yetu, upande wa bustani, maji yalikuwa yanachuruzika, ya rangi ya chai ya maziwa. Yalikuwa yamebeba udongo wa ndani ya tuta lenyewe. Mti mmoja ukalala taratibu, kama mtu anayesinzia, ukaanguka na mizizi yake yote, ukaacha shimo. Tukakimbilia kilimani.

Sikuweza kugeuka wakati tuta linakatika, nilisikia tu. Nilipogeuka, kabichi, nyumba, mapaa na daraja, vyote vilikuwa ni maji ya kahawia yanayokwenda. Mtumbwi ulipita kwenye pengo umepinduka, hatukuuona tena. Ilipofika jioni bwawa lilikuwa limekwisha. Kulikuwa na bonde la tope tu na kijito katikati yake, kikipita kama kilivyopita zamani.

Katika nyumba zile hakufa mtu. Mpaka leo watu hubishana kama utoro ule uliozibuliwa ulilichelewesha tuta lisikatike mapema, tukapata muda wa kuwatoa, au kama haukusaidia kitu. Sijui. Hakuna ajuaye. Mama mkwe huamini kwamba ulisaidia, na mimi sijawahi kumbishia.

Tulimpata shemeji asubuhi yake, kwenye mahindi, mbali. Wanawake ndio waliompata. Perege wa bwawani walikuwa wamelala kati ya mistari ya mahindi, na watoto walikuwa wanawaokota wakiwatia kwenye ndoo. Mama mmoja aliwaamuru wawatupe, wakawatupa. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi. Tulipompeleka nyumbani mama mkwe hakumwachia mtu mwingine amwoshe uso. Masikio yake yalikuwa yamejaa tope. Aliyasafisha kwa ncha ya kitenge, taratibu, moja halafu jingine, kama anavyofanyiwa mtoto mchanga.

Msibani, chini ya turubai, shangazi wa mume wangu alisema kile ambacho wengine walikuwa wakinong'ona jikoni.

"Mtoto wetu alikuwa mtu wa nchi kavu," alisema kwa sauti. "Aliyemtia majini ni nani?"

Wanawake wakanitazama. Mimi niliinama. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye mkeka, hajasema neno tangu maziko. Akainuka akakaa.

"Wifi, alimfundisha mbele ya macho yangu. Nilikaa pale napukuchua maharage nikicheka. Ukitaka kulaumu, anza na mimi. Na ukimaliza, nenda kamuulize yule bibi tuliyembeba kwa mlango kama anapenda kuwa hai."

Hakuna aliyelirudia neno lile mbele yangu, ingawa najua halikufa.

Baba yangu alipanda kutoka Lituhi na gunia la usipa, dagaa wa ziwani, la kulishia waombolezaji. Alimkuta baba mkwe amekaa peke yake nyuma ya nyumba, amevua kofia. Akakaa naye. Nilipowapelekea uji nilimsikia baba akisema, "Ziwa limenichukulia kaka zangu wawili. Sijawahi kuwa na mtu wa kumlaumu. Wewe umelijenga lako kwa mikono. Pole sana, mwenzangu. Pole sana." Baba mkwe aliitikia kwa kichwa. Ni pole pekee aliyoipokea katika msiba ule, nyingine zote alizigeuzia uso.

Alijiuzulu kamati. Hakuna aliyemtaka ajiuzulu, wala hakuna aliyemzuia. Wataalamu walikuja, wakapima, wakauliza maswali, na yeye aliwajibu kila kitu bila kujificha: nani alisema, nani aliziba, lini hawakuzibua. Walipoondoka akachukua mkasi wake akaenda kwenye mibuni, akakata hata matawi mabichi.

Kiangazi cha pili baada ya hapo kijiji kiliitwa mkutanoni. Wilaya ilikuwa tayari kusaidia kulijenga upya bwawa, tuta likiwa fupi zaidi na utoro wa mawe na saruji, ikiwa wananchi watakubali na kuchangia nguvu zao. Wanaume wengi walisita. Baba mkwe alisimama, mara ya kwanza kusimama mbele ya watu tangu msiba.

"Acheni bonde lipumzike," alisema. "Sisi si watu wa kushika maji."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kisha mama mkwe akasimama upande wa wanawake, na kila mtu akashangaa, kwa sababu hakuwa mtu wa kumpinga mumewe hadharani.

"Mimi mwanangu yuko kaburini, na maji sina," alisema. "Tunateka kijitoni na ng'ombe. Kabichi tunanunua Mbinga. Wajukuu wangu wanaharisha. Mkitunyima bwawa, mwanangu hatarudi. Lijengeni. Lakini safari hii likatazwe lililokatazwa, na kwenye kamati mniweke mimi."

Baba mkwe alichukua fimbo yake akatoka kabla kura hazijapigwa. Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi.

Lilijengwa. Tuta lina majani tu, hakuna mti. Utoro ni mpana, mtu anaweza kulala ndani yake akanyoosha mikono. Kuna kibao kinachokataza kuoga na kuogelea, na mwanzo wa kila masika mama mkwe hushuka na kamati, wakiwa na mapanga na fito, kuondoa kila kitu kilichokwama. Jumapili watu hawakai tena pale. Wakitoka kanisani hupanda moja kwa moja majumbani, na wanaopita bondeni hushusha sauti.

Bustani zimerudi. Mboga ni nyingi, na nzuri kuliko zamani, kwa sababu ya ule udongo uliomwagika. Mama mkwe huzileta nyumbani asubuhi, zimelowa umande, nami huzipika.

Wazee hawa wawili bado wanakaa nyumba moja na wanasali rozari pamoja. Lakini mara ya kwanza nilipompelekea baba mkwe ugali na mboga ile, aliitazama sahani muda mrefu.

"Mboga hii imetoka wapi?"

Nikamwambia ukweli. "Imetoka bondeni, baba."

Aliisogeza pembeni kwa kidole kimoja, bila hasira, akala ugali mtupu kwa chumvi. Mama mkwe alikuwa amekaa mkabala naye. Aliendelea kula yake mpaka ikaisha, akajiongeza. Tangu siku ile huwa nabandika vyungu viwili: kimoja cha mboga, na kimoja kidogo cha maharage ya mlimani kwa ajili ya baba mkwe.